Kanuni ya "Njo Vile" Haifutwi

Dada Furaha,

Matanga yako yameisha juzi tu, na tayari wanataka kuifuta kanuni yako. Nimekasirika, ndiyo maana nakuandikia. Ningekuwa na huzuni peke yake ningejifunika blanketi nikanyamaza.

Unakumbuka tulivyoanzisha lile kundi la simu dukani kwako Mubi, wewe ukiuza unite, yaani salio la simu, mimi nikingoja lori la kunirudisha Sake. Watu walikuwa wanarushiana odio, jumbe za sauti, za matusi kuhusu mashamba na machimbo. Ukasema, "Odio tunakatala. Kidole inachoka mbele ya kinywa," yaani anayeandika huchoka kutukana upesi kuliko anayesema. Kisha ukaweka kanuni: kabla ya kumpinga mtu, uandike kwanza wazo lake, useme "mimi" kana kwamba wewe ndiye yeye, mpaka mwenyewe ajibu "njo vile", yaani ndivyo hivyo. Hapo ndipo unaruhusiwa kumjibu.

Papa Kambale, yule Mnande mwenye duka kule machimboni Rubaya, alikuona una wazimu. Mama Zawadi wa Masisi alikuwa ameandika kwamba wachimbaji wasiguse kilima chake cha maharagwe. Papa alitaka kumpinga; anajaribu kwanza kueleza wazo la mama, mama anamrudisha: "Hapana, haiko vile." Papa akazima simu kwa hasira. Kesho yake akaandika: "Wakichimba kilima hiki, mimi nitashiba mwaka huu, watoto wangu watalala njaa." Mama akajibu njo vile. Ulicheka mpaka wateja wakakushangaa.

Lakini dada, kulikuwa na shimo ambalo hatukuliona. Tulipokwisha kukuzika, mtu alipiga picha maneno yale ya Papa Kambale, hayo tu, akayasambaza Rubaya. Sasa wachimbaji wanaamini ni yeye anayetaka kilima kifungwe. Wanamwita msaliti, hawanunui tena kwake. Naye anasema kanuni ya marehemu ndiyo iliyomponza, ifutwe, odio zirudi. Wengi wanamuunga mkono.

Nimekataa. Shimo linazibwa, nyumba haibomolewi. Hakuna tena "mimi" ya kuazima: kila sentensi inaanza na jina la mwenye wazo, hata ukiikata vipande vipande. Inachosha kusoma, najua. Na ichoshe.

Kisha nikajifunga nayo mimi mwenyewe. Niliandika: "Papa Kambale anasema alimtendea Mama Zawadi haki, na haki hiyo imemfukuzia wateja. Papa Kambale anasema Furaha alitufundisha kuvaa maneno ya wengine, hakutufundisha kujilinda." Hiyo ya pili nililia nikiiandika, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hupo ujitetee.

Akajibu njo vile. Halafu akanishambulia kwa ujumbe mrefu kweli, bila tusi hata moja, kila sentensi ikianza na jina langu, "Neema anasema". Anataka kanuni ife, naye anaifuata kuliko sisi sote. Hajagundua, na mimi simwambii.

Pumzika, dada yangu. Nakukosa vibaya, hasa jioni simu inapolia. Kundi liko mikononi mwangu sasa. Anayetaka kanuni yako ifutwe aandike sababu zake. Nitazisoma zote mpaka mwisho, nitazirudia kwa haki, na haitafutwa.

Mdogo wako,
Neema