Mapigo Manne ya Hewani

Dada yangu Mwanaesha, nakusalimu kutoka Hewani. Mvua haijakoma tangu juzi, ila samaki wa mto ni watamu.

Jana nililiona lile kundi langu la ngoma. Niliwafundisha watu kumi na wanne, wakamchagua mwingine awaongoze. Nikabeba ngoma kuu niliyoichonga mwenyewe, nikaileta huko kwako, nikiapa hawatamaliza mwezi. Huu ni mwaka wa tisa na bado wanacheza; sasa wote ni vijana wapya isipokuwa Jilo, mpiga zumari wetu wa zamani.

Katikati ya wimbo wakanyamaza ghafla. Nilihesabu mapigo manne, ndipo wakaendelea hadi mwisho.

"Mbona mmekatiza?" nikamwuliza kijana mmoja.

"Hatukukatiza, mzee. Ndivyo wimbo ulivyo."

Jilo akatoa zumari mdomoni. "Hapo ni pako, mkaidi wewe. Tumekuwekea."

Walinionea, bado nasema. Lakini mapigo manne tu, dada, nami nimewanyima miaka tisa.

Mhamishe yule kuku anayeatamia ndani ya ngoma, na mayai yake kumi na moja. Mwite fundi aiwambe ngozi mpya, uilete kwa mtumbwi wa kwanza. Mungu akulinde, nawe uwabusu watoto.

Kakako Bakari