Shemine ya Papa

Kolwezi, mwezi wa saba

Kwa yaya Ngeleka, kule Mbuji-Mayi,

Mi na batoto tuko bazima, ni baridi tu inatutesa. Louise ameota meno mbili. Ku kanisa batu banakuulizaka sana.

Sasa habari ya shemine ya papa yetu, ile fasi ya kuwasha moto mu salon. Ile ufa uliachaka ndogo, leo mukono inaingia. Masoni, fundi ya kujenga, tata Beya, anaizibaka na udongo ya kichuguu, lakini kila mara inapasuka tena. Bwana yangu Modeste anasema ni bakamio, ile magari makubwa ya mine, njo inatikisa nyumba. Yeye, unajua, kila asubuhi anaendaka kuchimba mawe ya kobalti mu mine ya Mutoshi. Chumba ya nyuma alifunga na kadena, kufuli kubwa, eti ameweka mifuko ya simenti, na batoto banalala mu salon. Beya alimuomba simenti kidogo ya kuziba ufa. Alikatala.

Jana Beya alifagia bomba ya moshi, akatoa masizi na biota bya ndege, tukawasha moto tujaribu. Moshi haikupanda. Iliingia mu ile ufa, ikashuka chini. Kisha, chini ya sakafu, mutu akakohoa. Beya aliniangalia, akakusanya byombo byake, akaenda bila kuaga.

Magaribi Modeste alirudi, macho nyekundu. Yeye mwenyewe akasema: «Leo kule Mutoshi kulikuwa moshi mingi.»

Yaya, batoto banalala juu ya shimo yake. Kuya utuchukue.

Mudogo wako,
Mushiya