Sabini na Mia na Tisini na Nane

Jumatatu, 4 Machi 1985
Nyimbo mbele ya bendera, kisha fizikia. Jibu nilikuwa nalo. Sikuinua mkono. Nyumbani nimemkuta baba mezani, saa ya kazi. Amesimamishwa kazi kiwandani. Maji ya shaba tangini yalipoa, yakaganda, bomba likaziba kwa chumvi ya bluu. Wanasema alisinzia.

Jumanne, 5 Machi
Nimemuuliza baba mara tatu ndipo akaeleza. Kila saa huandika joto la tangi kwenye karatasi. Kawaida ni sabini. Saa nne mashine inayoongoza mvuke wa kupasha tangi ilionyesha 198. Akafanya wafanyavyo wote namba ikiwa ya kipuuzi: akaandika ile ya saa iliyopita. Baba alijua 198 ni uongo. Mashine haikujua. Iliamini tangi limepata joto kupita kiasi, ikafunga mvuke. Saa tano kila kitu kilikuwa baridi. Akaizima, akaiwasha. Tangu hapo haina kasoro.

Alhamisi, 7 Machi
Maktaba ya misheni. Jarida la zamani la mambo ya elektroniki, Kifaransa kigumu. Chembe ndogo mno ya mionzi, ikitoka hata kwenye kifuniko cha kidude cha kumbukumbu ya mashine, yaweza kugeuza sifuri kuwa moja. Hakuna kinachoungua. Ukizima na kuwasha, kosa limepotea. Mashine huhesabu kwa 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128. Nimetoa 70 kwenye 198. Imebaki 128. Nimerudia mara nne. Sifuri moja tu iligeuka.
Nilidhani nitafurahi.

Jumatatu, 11 Machi
Nimempelekea mhandisi wa kiwanda barua. Sikuweza kumtazama usoni. Aliisoma yote, akasema hesabu ni nzuri. Kisha akaweka karatasi ya baba mbele yangu.
"Hiyo mia na tisini na nane iko wapi?"
Mwandiko wa baba. 70.

Jumanne, 12 Machi
Papa Kalenga anafanya kazi ileile, zamu nyingine. Ameziona namba za kipuuzi kama hiyo mara nyingi, akaandika za saa iliyopita. Baba amemwomba aseme kwa mhandisi.
"Minye niko na batoto saba, ndugu yangu. Nikisema, banatufukuza sisi wote."
Baba akamwambia anywe chai. Namchukia Papa Kalenga. Nilimpa sukari.

Jumamosi, 30 Machi
Nyumba ya kampuni tumeirudisha. Tuko Mulungwishi kwa bibi, mama yake baba. Kitanda changu hakikuingia kwenye lori. Shule, sijui.

Jumapili, 14 Aprili
Papa Kalenga amekuja kwa baiskeli, matope hadi magotini. Amempa baba karatasi iliyokunjwa, nakala ya zamu yake ya Ijumaa. Karatasi yenyewe iko kwa mhandisi. Mvuke aliufungua kwa mkono.
"Ile niliona, njo ile niliandika."
Sabini. Sabini. 102. Sabini.
Baba ameisoma, akanipa mimi. Nimetoa sabini kichwani. Thelathini na mbili, sifuri moja tena.
Mama ameongeza unga kwenye sufuria ya bukari, apate na mgeni.