Mke Asiyesema Usiende

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi ukumbini. Tumerudia sehemu ya kuachana weee, mpaka kiuno kinauma. Mume wangu wa zamani ananipa mgongo vizuri kuliko alivyonipa mahakamani! Tuliachana mwaka juzi, lakini kila jioni bado ni mume wangu jukwaani. Wenzetu wa kikundi wanatutania kwamba talaka yetu haijui kazi yake.

Leo akatuaga. Kapata kazi ya umeme mbali, Jumapili anaondoka. Mchezo wa Jumamosi ndio wake wa mwisho na sisi. Nikampongeza, nikacheka hata. Roho inaniuma.

Alhamisi, 6 Machi

Nimegombana na mwongozaji wetu. Anataka mwishoni, mume akishabeba sanduku, mke aseme neno moja tu: usiende. Nikamjia juu. Mimi nafundisha fasihi, nani anifundishe tanzia? Nikawashushia somo zima — mtu anapanda, anakosea kwa tabia yake mwenyewe, anaporomoka, na ukweli anaujua wakati haumsaidii tena. Kosa la mke huyu ni kiburi. Akifungua mdomo, mchezo umekufa!

Mume wangu wa zamani alikuwa juu ya ngazi, anabadilisha taa. Mwongozaji akasalimu amri.

Nimeshinda. Nimefurahi. Uongo — sijafurahi hata kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Sina hamu ya kula. Sina hamu ya kuandika.

Jumamosi, 8 Machi

Mchezo wa mchana. Watu wamejaa mpaka wengine wamesimama. Alipobeba sanduku nikakaa kimya, kama nilivyotaka mwenyewe. Mama mmoja wa mbele akashindwa kuvumilia, akanifokea nimzuie mume wangu. Watu wakacheka, halafu wakanyamaza. Yeye akasimama mlangoni, muda mrefu kuliko tulivyofanya kwenye mazoezi. Akasubiri. Mimi natazama sakafu! Akatoka. Makofi.

Nyuma ya pazia mwongozaji akanivuta pembeni.

"Dada, lile neno halikuwa wazo langu. Yeye ndiye aliyeniomba. Alisema labda jukwaani utaweza kulisema."

Nikamwacha amesimama hapo hapo.

Sasa niko chumba cha kuvalia, poda bado usoni. Wote wameshaondoka, isipokuwa yeye. Namsikia anakunja nyaya zake. Nimesimama, nimekaa. Nimesimama tena, nimekaa. Mjinga mimi. Kosa lenyewe nimelifundisha hadi chaki imeniishia, na bado nimelitenda mbele ya ukumbi mzima, nikapigiwa makofi. Nampenda. Haya, hapa naliandika bila shida yoyote — mdomo ndio unaokataa.

Amefika mlangoni. Anauliza kama kuna mtu amebaki humu, anataka kufunga. Anajua ni mimi. Nani mwingine?

Anauliza tena, taratibu. Nami bado naandika