Msitu wa Bibi

Mtoni, Dar es Salaam
12 Februari 1974

Dada Yustina, shikamoo. Mie mzima, sijui nyie huko Newala, wewe na shemeji Albano. Vinyago vyangu vinatoka sana, ila mpingo mliotuma ni vijiti vya kuchokonolea meno. Tumeni magogo manene, meusi mpaka kiini.

Mdogo wako,
Gregori

Newala
3 Aprili 1974

Mdogo wangu, marahaba. Sisi wazima, ila tumehamishiwa kijiji kipya. Nyumba zimepangwa mstari, hakuna hata mti wa kufungia mbuzi. Mpingo mnene umebaki msitu wa Bibi tu. Unakumbuka, mtu akifiwa au akichoka na dunia, Bibi alimpeleka akae chini ya ile miti, asiseme neno mpaka moyo utulie. Nilipomzika mwanangu nilikaa pale siku tatu. Msitu ni wetu sote, sikati bila neno lako. Albano keshanoa shoka. Tukate, tusikate? Nijibu upesi.

Dada yako,
Yustina

Mtoni
20 Juni 1974

Dada, shikamoo. Nisamehe kwa kimya, kazi zimenizonga, barua yako niliisoma juu juu. Magogo kumi na moja yamefika. Huo sasa ndio mpingo! Yakipatikana mengine, leteni.

Mdogo wako,
Gregori

Mtoni
9 Novemba 1974

Dada yangu, shikamoo. Safari hii mie si mzima. Vumbi la mpingo limenikaa kifuani, nikikohoa leso inakuwa nyeusi. Daktari kasema niweke patasi chini nikapumzike penye miti na hewa safi, la sivyo sifiki mbali. Nikacheka, kumbe ni dawa ya Bibi! Nimekitamani kile kivuli mpaka nimelia. Nakuja nikakae msituni mwezi mzima. Gogo moja limebaki hapa, sina hata nguvu ya kuligusa.

Mdogo wako,
Gregori

Newala
30 Novemba 1974

Gregori, marahaba, na pole sana. Nimelia, kisha nimekasirika. Nilikuuliza, hukujibu, tukasema kimya chako ni kukubali. Nami sijitoi, kamba ya mti wa mwisho niliivuta mimi. Pale sasa ni visiki na jua kali. Ukitaka kuniona mimi, njoo. Kwa ajili ya msitu, usije.

Hilo gogo lililobaki usilichonge. Litoe kibarazani, likalie, unyamaze. Msitu wa Bibi ndio huo.

Dada yako,
Yustina