Simu Namba Kumi na Nne Ni ya Nani?

Bibi mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijafunga virago, maana mume wangu alileta kisanduku akakiunga kwenye ruta, akasema sasa matangazo yamekoma nyumba nzima, kila simu ikitaka kufungua tovuti inakiuliza njia kwanza, nami nikafurahi, mpaka nilipogundua kisanduku kinaandika kila kinachoulizwa pamoja na namba ambayo ruta imeipa simu iliyouliza, nikawa nakisoma akiwa kazini, nikakuta simu namba kumi na nne inafungua duka la mapazia la mchumba wake wa zamani asubuhi, mchana na jioni, hata zile siku mbili alizosafiri mume wangu kikazi haikukosa, wivu ukanipanda kichwani, na hilo duka nalijua, huwa naingia kumchungulia huyo mwanamke, sioni alichonizidi ila nyusi, basi kwa hasira nikaingia kwenye ruta nikafuta anwani ya DNS ya kisanduku, ile inayoziambia simu zikaulize njia wapi, nikarudisha ya zamani, matangazo yakarudi, na sasa ni siku ya nne mume wangu akitoka kazini anapiga magoti nyuma ya kabati kukagua nyaya, jana mama mkwe akamwambia, "Mwanangu, kitupe tu hicho kidude," akajibu, "Nilikiweka kwa ajili ya mke wangu, matangazo yalikuwa yanamkera," nikaenda kulia bafuni, je, nimwache au nimsamehe?

Mke Mwenye Kinyongo

Mjukuu wangu, pole, na ukae chini. Mimi sikusoma, hiyo DNS nimeelezwa na fundi wa hapa gazetini, lakini siku najua kuzihesabu. Mumeo alisafiri na simu yake mfukoni. Kisanduku kinaandika simu zilizomo nyumbani. Sasa aliyebaki akichungulia mapazia ni nani, mama mkwe? Fungua mipangilio ya Wi-Fi kwenye simu yako, utazame namba iliyopewa na ruta inaishia na ngapi. Umejionea wivu mwenyewe, mama, na unataka kumsamehe mtu asiye na kosa.

Leo asipige magoti tena. Akiingia tu mwambie, "Aliyeharibu ni mimi." Rudisha anwani ya kisanduku mbele yake, na ile ya zamani msiiache hata kwenye nafasi ya anwani ya pili, fundi anasema simu zitapitia huko na matangazo yatarudi. Kisha mwombe akizuie kisanduku kisiandike tena kinachoulizwa. Nyumba si kituo cha polisi.

Na duka la mapazia aliongeze kwenye vinavyozuiwa. Akiuliza kwa nini, sema ukweli kwamba kizuizi ni kwa ajili yako wewe, si yake. Nyusi zako zinatosha, ndizo anazoziona kila akiinuka nyuma ya kabati.