Bango la Mstari Mmoja

Mwanangu Ziada amewashinda wote! Naanza na hilo mshauri, salamu zifuate: shikamoo Bi Mwanakombo, naomba unisaidie. Mimi mkulima wa korosho, nimeishia darasa la saba hapa Chiungutwa, lakini tumbo langu hili limeleta akili, binti anasoma kompyuta Mtwara, na mwezi uliopita waliwekewa fumbo la mizani ya sahani mbili, mawe ya kilo moja, tatu, tisa, ishirini na saba, na kuendelea mara tatu mara tatu, kila jiwe moja tu, ukitaka kupima kilo tano unaweka la tisa huku, kule kwenye mzigo unaongeza la tatu na la moja, sasa iandikie kompyuta maagizo ya kujua jiwe lipi likae wapi kwa uzito wowote, na mwenye maagizo mafupi kuliko wote ndiye mshindi, wenzake wakajaza ukurasa, aliyemfuata herufi na alama zote arobaini na nne, wangu arobaini na moja, mstari mmoja, basi! Nikatangaza sherehe Jumamosi tarehe ishirini na moja, ndugu wa Newala, Lulindi na Lisekese wote wanakuja, nikaenda Masasi kwa mchoraji anichoree huo mstari kwenye bango, wifi yangu Sijaona alipoliona akacheka mpaka akakaa chini, "Wifi, miaka mitatu chuo kaleta mstari mmoja? Mbona hata anayekwenda gulioni anaandika zaidi!" nami kwetu kitu cha sherehe hakiletwi kiduchu, nikarudi kwa mchoraji aurudie mara kumi na mbili bango lijae, likapendeza, nikalipiga picha nikamtumia mshindi mwenyewe. Jibu lake: "Mama, hilo likitundikwa, mimi siji." Mshauri, bango ninalo, wageni ninao, mshindi sina. Nimweleweshe vipi huyu mtoto?

Mama Ziada, Chiungutwa

Marahaba Mama Ziada, na hongera, umezaa. Ila wa kueleweshwa ni wewe. Mwanao kashinda kwa kupunguza. Kila herufi aliyoitoa kaitolea jasho, nawe umezirudisha mara kumi na mbili ili wifi anyamaze! Wewe mkulima wa korosho unamjua vizuri anayetia mchanga kwenye gunia lizidi uzito. Ndicho ulichomfanyia binti yako, tena kwa rangi.

Mpigie leo, akusikie sauti. Sema, "Nimekosa, mwanangu," wala usiongeze "lakini". Bango lirudi kwa mchoraji, alifute lote, auchore mstari mmoja tu, mkubwa, katikati, na chini yake: "Hakuna aliyeandika mfupi kuliko huu." Kisha tafuta mizani ya sahani mbili, pima mahindi mifuko minne, ya kilo moja, tatu, tisa na ishirini na saba. Huyo huyo Sijaona ndiye achague uzito, kuanzia kilo moja hadi arobaini, mzigo wa uzito huo uwekwe sahani moja, Ziada amwambie mfuko upi ukae wapi. Mizani ikisimama sawa mbele ya macho yake, ule mstari mmoja ndio utakaomjibu.

Wageni usiwaahirishe. Waambie wa Newala, wa Lulindi, wa Lisekese, na wifi umfuate nyumbani kwake umwambie kwa kinywa chako: Jumamosi tarehe ishirini na moja, saa nne asubuhi, wote Chiungutwa.